Nusu sekunde, na barua niliyoiandika kwa hasira

Nimepotea kidogo. Kazi imenibana, na mdogo wangu ameanza kuuliza kama bado naandika au nimeokoka. Bado naandika. Leo nataka kurudia kisa ambacho kila nikikikumbuka nacheka, kisha nanyamaza: kisa cha xz.

Najua wengine mtasema hiyo ni habari ya 2024, imeshapoa. Ni kweli imepoa, lakini kuna habari zilizo kama githeri, hunoga zikilala. Tena juma lililopita nilimsikia kijana mmoja ofisini akifoka kwamba "hawa watu wa programu huria" hawajamjibu swali lake kwa siku mbili. Siku mbili! Nikaona afadhali niandike kabla sijamrushia kikombe cha chai. Kikombe chenyewe ni changu, ningepata hasara mara mbili.

Kwa wasiokijua kisa, hiki hapa kwa ufupi.

Xz ni programu ya kubana faili ziwe ndogo. Hakuna anayeipenda wala anayeichukia. Ni kama bomba la maji taka mtaani kwako: lipo, linafanya kazi, na siku utakayolifikiria ni siku mbaya. Karibu kila Linux unayoijua inayo tumboni. Kwa miaka mingi mtunzaji wake alikuwa mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, aliyeifanya kazi hiyo wakati wake wa ziada, bila mshahara.

Mwaka 2021 akajitokeza mtu anayejiita Jia Tan. Adabu tele. Akaleta marekebisho madogo madogo, safi, ya kufaa. Mwaka 2022 zikaanza kuingia barua za watu wengine, mmoja akijiita Jigar Kumar, mwingine Dennis Ens. Hao hawakuleta marekebisho yoyote. Walileta malalamiko: mambo yanakwenda polepole, marekebisho yanakaa bila kushughulikiwa, mtunzaji hajali tena, kwa nini asimpe mwingine kazi hii? Mwezi Juni mwaka huo Collin aliwajibu kwa upole. Alieleza kwamba hajapoteza hamu, ila nguvu zake zimepungua, kwa sehemu kubwa kutokana na matatizo ya afya ya akili ya muda mrefu. Akawakumbusha pia kwamba huu ni mradi wa kujitolea usio na malipo.

Hatimaye Jia Tan akapewa funguo. Nani angekataa? Ulikuwa umechoka, watu wanakupigia kelele, na huyu hapa kijana mpole aliyekusaidia muda wote.

Februari 2024 Jia Tan akatoa toleo 5.6.0, na Machi akatoa 5.6.1. Ndani yake mlikuwa na mlango wa nyuma.

Sasa mnisamehe, hapa nitaingia kidogo kwenye ufundi, kwa sababu ubaya wake una ustadi, na mimi nikiona ustadi siwezi kujizuia.

Kwanza, sehemu mbaya ilifichwa kwenye faili za majaribio. Programu ya kubana faili lazima ijaribiwe kwa faili mbovu, ili ionekane kama itapatwa na wazimu au itakataa kwa heshima. Kwa hivyo hifadhi ya mradi ina faili zilizoharibiwa makusudi. Ukiona faili imeandikwa waziwazi kwamba ni mbovu, utaifungua kuinusa? Hapana. Utapita njia yako. Jia Tan aliificha sumu kwenye pipa la takataka, mahali ambapo harufu mbaya haimshangazi mtu.

Pili, kipande cha mwisho cha mtego hakikuwa kwenye msimbo ambao kila mtu huuona hadharani. Kilikuwa kwenye furushi la toleo tu, lile ambalo watengenezaji wa Linux hulipakua na kulijenga. Kama hujaelewa, fikiria nyama choma. Unaingia buchari, unaona mguu wa mbuzi umening'inia, unaonyesha kwa kidole: "Nikatie hapo." Unaenda kukaa, unaagiza soda, unazungumza siasa. Baada ya saa moja inakuja sinia na kachumbari. Je, nyama hii ndiyo ile uliyoionyesha? Unatumaini. Sote huwa tunatumaini. Basi dunia nzima iliukagua mguu uliokuwa kwenye ndoano, na Jia Tan alikuwa jikoni.

Tatu, shabaha haikuwa xz yenyewe. Shabaha ilikuwa ssh, mlango ambao sisi mafundi huutumia kuingia kwenye seva tukiwa mbali. Wanaoandika OpenSSH hawaitumii xz hata kidogo. Lakini wakati huo Debian na Fedora na wenzao walikuwa wakiiongezea ssh kiraka ili izungumze na systemd, nayo systemd ilikuwa ikiivuta maktaba ya xz. Rafiki wa rafiki wa rafiki. (Wale ndugu zetu wanaoichukia systemd walifurahi siku hiyo kama shangazi aliyemkataa bwana harusi mapema halafu akaonekana alisema kweli.) Mwenye ufunguo wa siri wa mtego huo angeweza kuiamuru seva ifanye lolote, bila nywila. Hatari ikapewa alama 10 kwa 10. Katika maisha yangu sijawahi kupata 10 kwa 10 kwenye chochote, hata insha.

Na sasa nusu sekunde.

Andres Freund hakuwa akimtafuta mwizi. Yeye ni mmoja wa wanaoiandika PostgreSQL, na ameajiriwa na Microsoft. Ndiyo, Microsoft. Sisi tuliokua tukimchorea Bill Gates pembe tunameza mate kimya kimya. Freund alikuwa akipima kasi ya PostgreSQL kwenye toleo la majaribio la Debian, kwa hivyo alitaka mashine yake itulie. Haikutulia. Roboti za mtandaoni zilikuwa zikibisha mlango wa ssh kwa majina ya uongo, kama zinavyobisha kwenye kila seva duniani, na zilikuwa zikifukuzwa. Lakini kule kuzifukuza kulikuwa kukila nguvu nyingi za prosesa kupita kawaida. Akapima. Jambo lililokuwa likichukua takribani sekunde 0.3 sasa lilichukua 0.8.

Nusu sekunde. Ukipiga chafya imekwisha.

Mtu mwingine angesema "labda ni masasisho" na kuendelea na chai yake. Freund alikereka. Akafuata moshi, akaukuta unatoka kwenye maktaba ya xz, akakumbuka lalamiko dogo la ajabu aliloliona wiki kadhaa nyuma kwenye majaribio yake, akaunganisha. Tarehe 29 Machi 2024, siku ya Ijumaa Kuu, akaweka maelezo yote hadharani. Wakati huo mtego ulikuwa umefika kwenye matoleo ya majaribio tu: Debian isiyo thabiti, Fedora Rawhide, openSUSE Tumbleweed, Kali. Ungepewa miezi michache tu zaidi, ungekuwa kwenye seva za mabenki, hospitali na serikali.

Hapa ndipo ninapojiuliza swali linalouma: ningekuwa mimi, ningeiona ile nusu sekunde?

Nitawaambia ukweli. Mimi ni mtoto wa saiba. Nilijifunza kompyuta Nairobi kwa shilingi moja kila dakika, nikiangalia ukurasa unavyoshuka mstari kwa mstari kama pazia la msikitini siku ya joto, polepole na kwa heshima. Na zile nusu sekunde zetu zilikuwa na sababu ya kisayansi. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, mawasiliano yetu na dunia yalipitia setilaiti iliyo juu kiasi cha kilomita 36,000. Ombi lako lilipanda na kushuka, na jibu lake likapanda na kushuka. Hesabu: kilomita 144,000, mwendo wa mwanga ni kilomita 300,000 kwa sekunde. Unapata nusu sekunde, kasoro kidogo. Kabla hata seva ya Marekani haijaanza kufikiri, sisi tulikuwa tumeshalipa ushuru wa nusu sekunde angani.

Kwa hivyo nusu sekunde kwetu haikuwa hitilafu. Ilikuwa hali ya hewa.

Tulilelewa kuvumilia. Subira huvuta heri, mvumilivu hula mbivu, mteja subiri mtandao umeenda kuoga. Tumezoea kupanga foleni mbele ya dirisha lililoandikwa "mfumo uko chini" na kurudi kesho bila kuuliza mfumo umeangushwa na nani. Uvumilivu ni sifa njema kwa bibi arusi na kwa mkulima wa parachichi. Katika kazi yetu hii ni ugonjwa. Wahenga walikuwa na methali nyingine tunayoisahau: mdharau mwiba mguu huota tende. Freund hakuudharau mwiba. Ndiyo tofauti yote.

Sasa, Pasaka ile mafundi wote mitandaoni waligeuka makachero. Jia Tan ni nani? Saa zilizoandikwa kwenye kazi zake nyingi zilionyesha ukanda wa +8, kama wa China. Lakini chache zilimponyoka zikaonyesha +2 na +3. Najua mlichofikiri mlipoona +3, maana hata mimi nilishtuka: hiyo ni saa yetu sisi Afrika Mashariki! Tulieni. Zile +2 zilikuwa za majira ya baridi na +3 za majira ya joto, na sisi saa zetu hatuzibadilishi, kila mwaka tuko +3 kama tulivyo. Mara moja katika historia, kutobadilisha kwetu chochote kumetusaidia kuonyesha kwamba hatukuwepo. Hadi leo ninapoandika, hakuna aliyethibitishwa kuwa ndiye Jia Tan.

Lakini mimi Jia Tan hanisumbui sana. Majambazi wapo, na ni kazi yao. Wanaonisumbua ni Jigar Kumar na Dennis Ens. Watu wengi wanaamini kwamba hata hao walikuwa sehemu ya njama, majina ya bandia yaliyotungwa ili kumchosha Collin. Basi fikiria: waliopanga hili, watu wenye akili ya kuficha mlango ndani ya faili mbovu, walikaa wakajiuliza tumvunje vipi huyu mtu bila yeye kushuku. Jibu walilopata ni kujifanya watumiaji wa kawaida wa programu huria. Na hakuna aliyeshtuka! Waliiga ufidhuli wetu vizuri hata tukadhani ni sisi.

Nasema "wetu" kwa sababu ninayo barua.

Mwaka 2019 nilikuwa nikitengeneza mfumo wa risiti kwa chama cha ushirika cha maziwa. Nilitumia maktaba moja ya bure ya kutengeneza PDF, jina lake nalihifadhi. Ilikuwa na mdudu: kile kialama cha juu kilichomo kwenye ng' kiliikata sentensi. Kila risiti yenye neno ng'ombe ikaishia kwenye ng. Mkulima anapeleka lita kumi na mbili, anarudishiwa karatasi imeandikwa "Maziwa ya ng". Mzee mmoja alimwuliza karani kama hiyo ng ni kampuni mpya iliyonunua ng'ombe wake.

Nilimripotia mtunzaji yule mdudu. Wiki tatu zikapita kimya. Mteja akinipigia kila asubuhi, nikawa sina raha. Basi usiku mmoja nikaketi nikamwandikia mtu yule, ambaye sikuwahi kumlipa hata senti, barua ndefu. Ninayo mpaka leo. Nilimwambia kwamba watu wanaitegemea kazi yake na yeye anaichezea. Nikamwambia kwamba kama imemshinda, awape wenye uwezo. Nikamalizia kwa neno "aibu".

Pasaka ya 2024 nikiwa nyumbani kwa wazazi, nikisoma kwenye simu zile barua za Jigar Kumar zilizofukuliwa, nilihisi kama nasoma mwandiko wangu. Tofauti kati yangu na wapelelezi wale ni kwamba wao walikuwa wakiigiza, pengine hata wakilipwa. Mimi niliifanya bure, kwa moyo safi.

Na hapo likanijia jambo la pili, nikaweka simu chini, nikaita, "Laptopu yangu iko wapi?"

Maana mimi pia nina kimaktaba changu. Kadogo, msikitafute. Kazi yake ni kugeuza saa za kompyuta kuwa saa za Kiswahili: 13:00 iwe saa saba mchana, 19:30 iwe saa moja na nusu usiku. Mnacheka, lakini ingieni humo muone. Saa sita za tofauti ni rahisi, mtoto wa darasa la nne anaweza kuzitoa. Balaa ni zile sehemu za siku. Alfajiri inaisha saa ngapi? Jioni inakuwa usiku lini? Na balaa la mabalaa: Ijumaa usiku saa nne ni usiku wa siku gani? Kompyuta inasema Ijumaa. Bibi yako wa pwani anasema huo ni usiku wa kuamkia Jumamosi. Ukiandika tu "usiku wa Jumamosi", nusu ya wasomaji watakuja kesho yake.

Watu wachache wanakitumia, lakini mmoja wao ni kliniki inayowatumia wagonjwa ujumbe wa miadi. Kwa hiyo si mchezo. Mtu akiambiwa saa tatu usiku badala ya saa tatu asubuhi, anakosa daktari.

Mwaka 2022 baba alikuwa mgonjwa, nami nilikuwa nikishinda hospitalini. Ripoti za wadudu zikarundikana. Wengine wakaanza kuandika: kuna mtu humu? Mradi umekufa? Kisha akajitokeza mtu nisiyemjua, akaleta suluhisho la "usiku wa kuamkia", zuri kuliko langu, na majaribio yake juu. Akaleta la pili, la tatu. Akaniuliza kwa adabu kama nahitaji msaada. Nikampa funguo zote nikiwa nimeketi kwenye benchi la hospitali, kwa simu, bila kumwuliza hata jina lake la pili. Nilihisi kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi mgongoni.

Sasa isome tena aya hiyo, kisha uende juu ukasome ya Jia Tan. Mtu aliyechoka, watu wanaolalamika, mgeni mpole. Unaelewa kwa nini niliitafuta laptopu.

Jumamosi ile watu wakichinja kuku nje, mimi nilikaa chumbani nikipitia kila badiliko ambalo yule bwana alifanya katika miaka miwili. Moja baada ya jingine. Kila faili. Nililinganisha furushi la toleo na msimbo ulio hadharani, nyama ya kwenye sinia na mguu wa kwenye ndoano. Mama aliingia mara tatu. Mara ya tatu akauliza, "Wewe, kwani kuna mtu amekufa?" Nikamwambia, "Hapana mama, naangalia kama nimeibiwa." Akaniangalia, akaangalia laptopu ambayo wazi iko mbele yangu, akatoka akitikisa kichwa.

Sikupata kitu. Yaani nilipata vitu, ila vya namna nyingine. Nilipata maelezo mazuri ambayo sikuwahi kuyasoma. Nilipata makosa yangu mawili ambayo aliyarekebisha bila kuyataja, kama mtu anayekufunga kifungo cha shati kimyakimya mbele za watu. Na nilipata kwamba katika miaka miwili hiyo sikuwahi kumwandikia neno asante. Mara moja tu nilimwandikia neno moja: "Sawa."

Nikamwomba namba, nikampigia siku ya Pasaka jioni. Kumbe ni kijana wa Likoni, anatengeneza simu, programu alijifunza mwenyewe kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

"Kaka," akasema, "kumbe wewe ni mtu! Mimi nilidhani umeshaacha, nikasema wacha niishike hii mpaka mwenyewe arudi."

Nikamweleza ukweli, kwamba nimeshinda siku nzima nikimchunguza kama mwizi. Akacheka sana. Kisha akasema, "Ah, hiyo ni haki yako, kaka. Lakini mbona hukunichunguza siku ile ulipolinipa?"

Sikuwa na jibu. Nimeshalifikiria swali hilo zaidi ya mwaka sasa, na bado ndilo swali bora kabisa nililowahi kusikia kuhusu usalama wa programu, na limetoka Likoni, halikutoka kwenye kongamano lenye kahawa ya bure.

Sitaki mnielewe vibaya. Sauti yake ya upole haikunithibitishia kitu. Jia Tan naye, ukimpigia, labda angekuwa na sauti tamu kuliko mtangazaji wa redio. Funzo si kwamba wageni ni wema, wala si kwamba ni wabaya. Kumshuku kila anayejitolea hakutatusaidia, maana bila wageni kazi hizi zingekufa zote. Funzo langu ni hili: mlango ulioachwa wazi kwenye xz haukuwa kwenye msimbo. Ulikuwa ni uchovu wa mtu mmoja. Na waliouongeza uchovu huo walitumia silaha ambayo sisi watumiaji tunaichezea kila siku.

Wala si mara ya kwanza. Mwaka 2014 Heartbleed ilipofichuliwa, dunia ikashangaa kwamba OpenSSL, iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya intaneti, ilikuwa ikipata michango ya takribani dola 2,000 kwa mwaka. Mwaka 2016 mtu mmoja alikasirika akaiondoa left-pad, mistari 11 ya msimbo, na miradi mingi duniani ikashindwa kujijenga. Desemba 2021 Log4j, watu wa kujitolea wakakesha kuzima moto wa makampuni tajiri. Mwaka 2020 xkcd walichora katuni ya mnara mzima wa teknolojia uliosimama juu ya kijiti kimoja chembamba anachokitunza mtu mmoja asiyejulikana, bila shukrani. Tuliibandika ukutani ofisini, tukacheka, tukarudi kumwandikia mtu huyo barua za hasira.

Eric Raymond alitufundisha miaka ya 1990 kwamba macho yakiwa mengi mdudu hana pa kujificha. Maneno matamu. Lakini macho ya nani? Kila mtu alidhani mwenzake anaangalia. Ni kama harusi ambapo kila mjomba anadhani mjomba mwingine amelipia hema.

Sisi Wakenya tunalo jibu, na wala si la kuagiza kutoka California: chama. Katika chama hakuna anayebeba peke yake, kila mmoja analeta chake, na mweka hazina hashiki daftari na kasha kwa pamoja. Kimaktaba changu sasa kinaendeshwa hivyo. Hakuna badiliko linaloingia bila macho mawili, langu au la kijana wa Likoni, na yangu pia anayakagua (na anayakataa, bila huruma). Furushi la toleo hujengwa na mashine, si mkono wa mtu, ili nyama ya sinia iwe ile ya ndoano. Mteja wangu mmoja nimemshawishi aweke kiasi kidogo kila mwezi kwa zile programu huria anazozitegemea. Nilimwambia ni kama kulipia mlinzi. Akaelewa haraka, mlinzi kila Mnairobi anamwelewa.

Tumekuwa polepole zaidi? Ndiyo. Mkitaka haraka, mnajua baraka zilipo.

Na ile barua ya 2019? Jumatatu ya Pasaka nilimwandikia yule mtunzaji wa PDF kumwomba radhi. Nilimkumbusha tarehe, nikamkumbusha habari ya ng'ombe, nikamwambia maneno yale yananiuma. Alinijibu baada ya siku tano. Barua fupi, ya kirafiki. Alisema asante, amefurahi, lakini hanikumbuki. Zilikuwa nyingi za aina hiyo.

Ningependa zaidi kama angenitukana.

Lasse Collin, kwa wanaouliza, hakuukimbia mradi. Aliusafisha, na mwishoni mwa Mei 2024 akatoa toleo 5.6.2 lisilo na mtego. Mtu aliyechoka, akavamiwa nyumbani kwake, akarudi akaanza kufagia. Kama kuna mtu unayemtegemea hivyo, na ninakuhakikishia yupo, mwandikie leo. Usiombe kitu. Mwambie tu kwamba inafanya kazi.

Nyongeza: kijana wa ofisini amenisomea juu ya bega nilipokuwa naandika hii. Amekwenda kufuta ujumbe wake wa pili. Wa kwanza ameuacha, anasema ulikuwa na adabu. Nimeusoma. Haukuwa na adabu.